Saa Ishirini na Tano Kufika Kivaa

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua: 0.

Daftari hili nimepewa na afisa wa kilimo, pamoja na chupa ya kupima mvua aliyoifunga kwenye nguzo nyuma ya jiko. Kila asubuhi saa tatu nisome milimita, niandike. "Mama Tracy, ni namba tu," aliniambia. Namba gani? Kijiji chetu cha Kivaa hakijaona tone tangu Mei. Nikiandika sufuri peke yake kila siku nitashikwa na wazimu, kwa hivyo nitajaza na mengine. Karatasi ni ya serikali, hasira ni yangu.

Leo mume wangu Ndolo amepiga simu. Hupiga kwa intaneti kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, kutoka Calgary, Kanada, alikoenda miaka saba iliyopita. "Huku ni saa tatu asubuhi," husema, "nakunywa chai niende kanisani." Nampelekea simu mama yake, Mwaitu, ambaye hajatoka kitandani tangu Agosti kwa sababu ya moyo. Mwaitu humwuliza, "Unakuja lini?" Naye hujibu, "Krismasi, Mwaitu. Si unajua ni mbali." Ni mbali, ni mbali. Krismasi sita sasa ni mbali.

Simu ikikatika Mwaitu hunigeukia. "Mwelu, kwani huko ni mbali aje?"

Namwambia kama binti yangu Tracy alivyosoma kwenye simu. Kilomita elfu kumi na tatu na mia nane. Ndege moja hadi Amsterdam, nyingine hadi Calgary, na ukihesabu kungoja katikati, saa ishirini na tano.

"Bila kulala mahali?"

"Wanalala wakiwa wamekaa."

"Aiya! Hata mbuzi hawasafirishwi hivyo."

Jumanne, 14 Oktoba
Mvua: 0. Mwaitu amekataa uji. Ati una moshi.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua: 0. Mawingu yalikuja hadi bwawa la Masinga, yakatuangalia, yakarudi.

Ndolo amepiga. Saa tatu asubuhi, chai, kanisa. Mwaitu amemwambia waziwazi kwamba yeye haendi kwa Mungu kabla hajamtemea mate ya baraka kiganjani. Ndolo ndiye mtoto wake pekee, na kwetu mzazi akienda bila kutema hayo mate, mtoto hubaki kama nyumba isiyo na kufuli. Ndolo akasema laini ni mbaya.

Jioni Mwaitu tena: "Ni mbali aje?" Nimemjibu kwa ukali kwamba nimeshamwambia mara mia. Nimejuta baadaye, lakini sikumwomba msamaha. Mimi pia nimechoka. Kumgeuza, kumwosha, kuchota maji, kuangalia mbingu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mvua: 0. Tracy amefunga shule. Yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu. Ameweka kwenye simu yake na yangu saa za miji miwili, juu ya Nairobi na chini ya Calgary, "ili usimpigie Baba akiwa amelala." Huko shuleni humwita Tracy wa Kanada. Nami kwenye chama cha akina mama huniita Mama Kanada. Nikisema silipendi hilo jina nitakuwa mwongo.

Jumatano, 29 Oktoba
Mvua: 4. Nne! Nimepanda kunde na pojo zote, kwa ujinga wangu.

Jumapili, 2 Novemba
Mvua: 0.

Leo nimeona jambo na sijui nilitie wapi.

Ndolo amepiga saa kumi na mbili jioni kama kawaida. "Huku ni saa tatu asubuhi, nakunywa chai." Nilikuwa nikiangalia simu ya Tracy wakati huo, kutafuta hali ya hewa. Saa ya chini, ile ya Calgary, ilisema saa mbili asubuhi.

Nikadhani simu imeharibika. Tracy akacheka. "Mama, Kanada wanarudisha saa nyuma Novemba. Imebadilika yenyewe leo." Hapo nikakumbuka. Miaka ile ya kwanza Ndolo alilalamika kila Novemba, ati amefika kazini saa nzima mapema kama mjinga, ati wazungu wanachezea mpaka jua. Anajua habari hiyo kuliko Tracy. Leo ilikuwaje asahau, na yeye ndiye anaishi ndani ya hizo saa?

Jumapili, 9 Novemba
Mvua: 11.

Amepiga. "Huku ni saa tatu." Huko ni saa mbili! Wiki nzima mtu anaenda kazini na saa mbovu? Nikamwuliza kuna baridi kiasi gani. Akasema theluji ni ya magoti. Nyuma yake nikasikia lori likipiga honi ndefu, ile ya kuimba, wanayopenda madereva wetu wa mchanga.

Nilienda kukama.

Jumatano, 12 Novemba
Mvua: 0.

Nimemtukana Kilonzo. Kilonzo ni jirani, huendesha lori la mchanga kutoka mtoni hapa hadi Mlolongo na Syokimau, karibu na Nairobi. Alikuja kumwona Mwaitu, na akitoka akanivuta kando ya zizi.

"Mama Tracy, usinikasirikie. Baba Tracy nimemwona."

"Umemwona wapi?"

"Mlolongo. Kuna yadi ya malori ng'ambo ya mizani ya magari. Anaandika namba za magari yakiingia. Nilimwita, akajificha nyuma ya tela."

Nilimwambia macho yake yameliwa na pombe. Nilimwambia wivu utamuua, kwamba familia yao haijawahi kuvuka hata Mto Tana. Nilisema mengi, na kuku wote wakakimbia. Kilonzo alishika kofia yake tu na kusema, "Sawa, Mama Tracy. Nimesema."

Alhamisi, 13 Novemba
Mvua: 0. Kunde zimetoa majani mawili mawili. Sikulala.

Jumapili, 23 Novemba
Mvua: 0. "Huku ni saa tatu." Mwaitu: "Ni mbali aje?" Kunde zinakunjamana.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua: 0.

Ndolo ametangaza anakuja. Simu ilikuwa kwenye spika na Tracy aliruka hadi akamwaga maziwa. "Andika, Tracy. Naondoka Calgary Ijumaa tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili jioni. Nafika Nairobi Jumamosi tarehe ishirini, saa moja asubuhi."

Tracy amekimbia kwa mzee wa kanisa, Mzee Urbanus, kumpa habari, na sasa Kivaa nzima inajua. Mimi nimebaki na ile karatasi.

Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwa mahindi, nikahesabu kwa simu. Calgary ikiwa saa kumi na mbili jioni Ijumaa, huku kwetu ni saa kumi alfajiri Jumamosi. Yeye anatua saa moja asubuhi. Kutoka saa kumi hadi saa moja ni saa tatu. Ndege gani hiyo, inayovuka bahari na bara zima la Ulaya kwa saa tatu, na hata Amsterdam haisimami?

Nimeijua hiyo safari ya saa tatu. Ni kutoka Mlolongo hadi Kivaa kwa gari. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu haifiki kilomita mia mbili.

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua: 0. Nimeenda kwa Kilonzo kumwomba msamaha. Nilimkuta akibadilisha gurudumu. Hakunicheka. Alisema Jumamosi anapeleka mchanga, nafasi iko mbele.

Jumamosi, 6 Desemba
Mvua: sikusoma.

Nilimwachia Tracy Mwaitu, nikasema naenda mjini Matuu kununua dawa. Tulifika Mlolongo kama saa tano. Kilonzo aliliacha lori kwenye foleni ya mizani, akanionyesha lango la yadi kwa kidevu.

Ndolo alikuwa amesimama langoni na koti la manjano la kung'aa, kalamu sikioni, daftari mkononi. Amekonda, nywele za mbele zimeenda. Alikuwa akibishana na dereva juu ya namba ya tela. Aliponiona alifunga daftari polepole. Unajua neno la kwanza aliloniambia mwanamume huyo, baada ya miaka saba?

"Mwelu, nani umemwachia Mwaitu?"

Nilimpiga kofi. Mbele ya madereva. Wengine wakashangilia, mmoja akasema, "Mama, ongeza!" Sikuongeza.

Alinipeleka chumbani kwake, nyuma ya yadi. Kitanda, jiko la mafuta, picha ya Tracy ya darasa la tatu. Akaniambia yote akiangalia sakafu. Karatasi zake za kuishi Kanada zilikataliwa. Walimfungia wiki mbili, wakampandisha ndege. Huu ni mwaka wa tatu.

"Miaka mitatu uko hapa!"

"Nilitua na mfuko wa plastiki, Mwelu. Mnakumbuka mlivyonisindikiza? Harambee ya kanisa, ng'ombe wa Mwaitu waliouzwa, kwaya ikiimba hadi barabarani. Nikasema nilale Mlolongo usiku mmoja tu, nioge, nipate shati, nije. Asubuhi nikasema kesho."

"Na theluji ya magoti?"

"Naangalia kwa simu."

Juu ya kitanda palikuwa na saa ya ukutani. Kwetu ilikuwa saa tano na robo mchana, hiyo ilisema saa nane na robo. Nikaelewa. Aliitundika na saa za Calgary, aisome kila Jumapili kabla ya kunipigia, asikosee. Na ilikuwa na makosa ya saa moja.

Sasa niandike kweli, maana daftari hili halinijui. Nilipaswa kumvuta shati hadi kwenye lori. Kilonzo alikuwa pale, nafasi iko mbele. Lakini nilianza kuona akina mama wa chama wakiniita Mama Mlolongo. Nikamwona Tracy akirudi shuleni Januari. Ndolo akasema, "Nipe wiki mbili tu. Nishatangaza tarehe ishirini. Nikope suti, ninunue sanduku, nifike kama mtu. Nikishamwona Mwaitu, nitasema kazi iliisha huko." Nami nikapanda kwenye stuli, nikaitoa ile saa ukutani, nikairudisha nyuma saa moja.

"Ukitaka kudanganya," nikamwambia, "danganya sawasawa."

Nilikubali. Siwezi kusema nililazimishwa.

Jumapili, 7 Desemba
Mvua: 2. Amepiga. "Huku ni saa mbili asubuhi." Ameipata. Mwaitu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Ni mbali aje?" Nikasema saa ishirini na tano. Akaniangalia sana.

Jumatano, 10 Desemba
Mvua: 0. Miguu ya Mwaitu inatoa maji. Muuguzi wa zahanati anasema apelekwe hospitali kubwa. Mwaitu amekataa. "Ndolo akija atanipata wapi?" Kunde nimewapa mbuzi.

Ijumaa, 12 Desemba
Mvua: 0. Mawingu mazito, joto la kukaba.

Asubuhi Mwaitu hakuweza kuinua kichwa. Muuguzi alikuja, akanitoa nje, akaniambia niwaite watu wake. Mtu wake ni mmoja. Saa sita mchana nikapiga simu Mlolongo, kwa namba ya hapa aliyonipa siku ile, kutoka nyuma ya zizi.

"Ndolo, toka sasa hivi. Anaenda."

Akasema, "Nitatokaje sasa? Jumapili nilikuwa Calgary."

"Sema uliondoka jana!"

"Nani ataamini? Ungekuwa umewaambia watu jana. Mzee Urbanus ana mtoto Uingereza, anajua kuhesabu. Tracy anajua kuhesabu! Mwelu, waambie umenipigia na nimekimbilia uwanja wa ndege. Nipe hizo saa ishirini na tano tu. Kesho saa saba natua, saa kumi niko nyumbani. Hata suti sijachukua."

"Na mama yako akikata roho kabla?"

"Si ameningoja miaka saba? Atangoja siku moja."

Ningeweza kumpigia kelele, niite Tracy, niseme yote hapo zizini. Mzee Urbanus alikuwa tayari anaingia langoni na Biblia. Nikafuta uso, nikamwambia, "Ndolo amekimbilia uwanja wa ndege." Akainua mikono juu na kumshukuru Mungu, na mimi nikasema amina.

Basi tukaanza kumngoja mtu aliye angani. Mwaitu akifumbua macho anauliza, "Amefika wapi?" Tracy anamjibu bibi yake na simu mkononi, huku machozi yanamtoka. "Yuko juu ya bahari, Susu." "Sasa wanakaribia Amsterdam." Mimi nakoroga uji ambao hakuna anayekunywa. Nikifumba macho naona kile kitanda cha Mlolongo na yeye amekaa juu yake, akingoja ndege isiyokuwepo imalize kuruka.

Jumamosi, 13 Desemba
Mvua: 0.

Saa tatu asubuhi nilitoka kusoma chupa. Niliporudi Mwaitu alikuwa macho, macho safi kama ya mtu mzima wa afya. Tracy alikuwa kisimani. Akaniashiria nikae karibu.

"Mwelu."

"Niko hapa, Mwaitu."

"Na Mlolongo ni mbali aje?"

Akashika kidole changu.

"Kilonzo aliniambia mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Alidhani ananiletea habari njema. Nikamwambia anyamaze, mtoto atasema mwenyewe. Nimemwuliza kila Jumapili unakuja lini. Nimekuuliza wewe kila jioni. Ni mbali aje?"

"Saa tatu, Mwaitu," nikasema. "Ni saa tatu tu."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alilala kidogo akipumua, kisha akasema, "Mwambie aje hivyo hivyo. Suti ni ya nini?"

Nilikimbia nje na simu. Saa tatu na nusu. Akitoka sasa hivi, akipata hata pikipiki, saa sita na nusu yuko hapa. Nikapiga. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Nikapiga tena. Nikapiga mara kumi na nne, nimehesabu baadaye kwenye simu. Ndolo alikuwa amezima simu yake, kwa sababu mtu aliye ndani ya ndege hapatikani. Alidanganya sawasawa, kama nilivyomfundisha. Kilonzo naye alikuwa mtoni chini, hakuna mtandao huko.

Saa tano na nusu Mwaitu aliomba mkono. Nikampa. Akakifungua kiganja, akakusanya mate kwa shida, akatema kidogo sana katikati. "Ni ya Ndolo," akasema. "Mshikie." Nilifunga ngumi. Nilikaa hivyo, ngumi juu ya goti, mkono mwingine ukimshika. Alikata roho saa sita na dakika kumi.

Tracy alipolia nilifungua mkono kumshika, na kiganja kilikuwa kikavu.

Ndolo aliingia saa kumi kamili jioni. Suti ya kijivu, sanduku lenye magurudumu, na karatasi ya uwanja wa ndege aliyoiokota wapi sijui imefungwa kwenye mpini. Akasikia vilio kutoka barabarani, akaliacha sanduku katikati ya shamba la kunde. Watu walimshika pande mbili. "Pole, Baba Tracy. Umetoka mbali. Umejaribu." Mtu akamletea kiti, mwingine maji, ati amechoka na safari.

Jumatatu, 15 Desemba
Mvua: 0. Hatujaongea. Analala kwenye kiti.

Jumamosi, 20 Desemba
Mvua: 31.

Tumemzika Mwaitu leo, tarehe ileile aliyotangaziwa kwamba mwanawe atafika. Mvua ilianza tukiwa kaburini, mvua ya kweli, ya kunywesha ardhi hadi mizizi, na hakuna kilichobaki shambani cha kuipokea.

Mzee Urbanus alisimama chini ya mwavuli akamsifu Ndolo. Kilomita karibu elfu kumi na nne, alisema. Mara tu aliposikia mama ni mgonjwa, aliacha kila kitu akapanda ndege, saa ishirini na tano bila kulala. "Vijana wangapi wako Nairobi hapa na hawaji kuwaona wazazi wao?" Watu wakapiga makofi kwenye matope. Kilonzo alikuwa na jembe, akifukia. Hakuinua kichwa. Tracy alimshika baba yake mkono akimwangalia kana kwamba ni yeye aliyeirusha ile ndege.

Jioni watu wakiisha, Ndolo alikuja jikoni nilipokuwa naosha sufuria. Suti ilikuwa imelowa, rangi ikimchujia shingoni. Alisimama mlangoni. Wiki nzima nilikuwa namngoja aulize.

"Mwelu. Mwaitu aliniachia neno?"

Tracy alikuwa nyuma yangu, akipanguza vikombe. Nilifikiria kumtuma nje. Nikamwacha.

"Aliniuliza Mlolongo ni mbali aje," nikasema.

Kikombe kikasimama mkononi mwa Tracy. Ndolo alimtazama Tracy, akanitazama mimi, akashika mwimo wa mlango.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia saa tatu."